Mashine Iliyokariri

Mdogo wangu Lea hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka kiti kikapata joto. Tulipokuwa watoto hapa Kihesa, Iringa, mama akimwambia aketi asukwe, alisukwa huku anasogea, na mistari ilitoka imepinda kama barabara ya kupandia mjini kutoka Ipogolo. Watu wakamwita kiguu na njia. Mimi ni Eveline, dada yake mkubwa, fundi wa nguo, na kazi yangu inataka mtu anayejua kutulia, kwa hiyo msitegemee nimwonee huruma katika hilo. Nimempima magauni kuanzia kipaimara mpaka mahafali, na sikumbuki siku niliyompima mara moja ikatosha.

Sasa ni mwalimu wa hisabati katika chuo kimoja huko Mbeya. Muhula ukifunguliwa anapanga chumba huko, ukifungwa anarudi Kihesa kwa mama na kuanza kuhamishahamisha vyombo jikoni. Hana mume, na ukimuuliza anasema atampata akisimama. Najibu kwamba hata huyo mume atachoka kumkimbiza.

Mbali na kufundisha, ana kazi nyingine ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeielewa nyumbani. Anachunguza hewa. Siyo hii tunayovuta, bali ile inayokumbana na chombo kinachorudi kutoka anga za juu, kinachokwenda mara tano ya kasi ya sauti, mara saba, na zaidi. Siku moja nikipepeta mchele alinieleza kwamba kwenye mwendo huo, hewa inayogusana na chombo inavurugika. Inajiviringisha, viringo vidogo ndani ya vikubwa, na huo msukosuko ndio unaoamua ngozi ya chombo itapata joto kiasi gani. Hakuna kompyuta inayoweza kufuatilia kila kiringo kwa chombo kizima, kwa hiyo wahandisi wanatumia fomula za kukadiria. Shida ni kwamba fomula hizo zilitungwa kwa ajili ya mwendo mdogo, wa ndege za kawaida. Ukizipeleka kwenye kasi kubwa zinakosea joto, na kwa kuwa hakuna mwenye uhakika zimekosea kiasi gani, wanabandika ngao nene ya kuzuia moto, na chombo kinabeba uzito wa bure.

"Sasa wewe Lea wa Kihesa unaingilia wapi hapo?" nilimuuliza.

"Naifundisha kompyuta kuisahihisha fomula," alisema, huku anazunguka meza. "Fomula yenyewe siitupi. Inabaki. Kompyuta inaangalia vipimo halisi vya joto, inajifunza kwamba hali ikiwa hivi fomula inazidisha, ikiwa vile inapunguza. Halafu inarekebisha."

Hilo nililielewa mara moja. Mteja akiniletea blauzi ya dukani isiyomkaa, siifumui yote. Naipunguza begani, naiongeza kiunoni, inamkaa.

Vipimo vyenyewe alikuwa anavichukua mtandaoni, vimewekwa wazi na maabara za nje. Huko wana handaki la chuma. Wanafunga koni, umbo lililochongoka kama ncha ya chombo, ndani yake, wanaifyatulia hewa kwa kasi hiyo ya kutisha, na vipima joto vilivyopangwa kuanzia ncha ya koni mpaka kitakoni vinaandika. Lea alikusanya koni nyembamba, koni nene, koni butu. Alizifanyia kazi kwenye kompyuta za chuo, umeme ukikatika anatoka nje kuzunguka uwanja na baridi ile ya Mbeya, umeme ukirudi anaanza tena. Nilikuwa nikimpigia simu nasikia anavyohema kwa kutembea.

Mwaka jana majibu yakaanza kutoka mazuri. Mazuri kupita kiasi. Mashine yake, hivyo ndivyo sisi nyumbani tulivyoiita, ilikadiria joto karibu sawasawa na vipimo, pale ambapo fomula ya zamani ilikosea vibaya. Akaandika makala, makala ikakubaliwa, na profesa mmoja wa Ujerumani aliyekuwa akimwongoza kwa mtandao akamwambia aende huko kusomea udaktari, ule wa shahada siyo wa hospitali, kwa kutumia kazi hiyohiyo. Nafasi ipo, gharama zote zipo.

Mama alipopata habari alikuwa anakoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akavaa kitenge cha kutokea, akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa.

Kwetu, kwenye usharika wetu, jambo jema haliwi jema mpaka litolewe shukrani. Mtu akifaulu, akipona, akinunua bajaji, familia inajipanga Jumapili mlangoni mwa kanisa ikiwa na sare, mzee wa kanisa anasoma sababu mbele ya watu wote, mhusika anasema neno, kwaya inaanza, na familia inakwenda mbele ikicheza na sadaka zake. Vilivyoletwa visivyo pesa, jogoo, mikungu ya ndizi, mchele, vinapigwa mnada nje baada ya ibada. Mama ndiye mwenyekiti wa wanawake. Kwa miaka mingi ameshangilia watoto wa wenzake, amewanunulia majogoo wao mnadani, na amerudi nyumbani kimyakimya. Sasa ilikuwa zamu yake. Alichagua Jumapili ambayo Lea angekuwa amemaliza kusimamia mitihani, akamwita shangazi yetu wa Idodi aje na mchele, akanipa mimi vitenge vya familia nzima nishone. Njiani kila aliyemsalimia kamwene alijibiwa kwamba Lea anakwenda Ujerumani.

Kilichotokea Mbeya wiki hiyo nimesimuliwa na Lea mwenyewe, vipande vipande, kwa hiyo nakipanga kama nilivyokisikia.

Chuoni Lea anajulikana kwa jina la Madam Ruka-Kiti. Siku ya mtihani anaingia ukumbini kabla ya wote na kazi yake ni kuwapanga: mmoja aketi, kiti kirukwe, mwingine aketi. Hataki kabisa mwanafunzi amguse mwenzake bega. Na kitu anachokichukia kuliko kuchungulia ni kukariri. Mwanafunzi akimwandikia jibu zuri anambadilishia namba ubaoni papo hapo, na kama jamaa anaanza kutoa macho, Lea anasema, "Umekariri," kwa sauti ambayo ingefaa kwa mtu aliyekutwa ameshika kuku wa jirani.

Siku hiyo darasa jingine lilikuwa limeingizwa kwenye ukumbi huohuo na watu walikuwa wamebanana. Lea akaanza kupita katikati ya safu na karatasi mkononi, akisema ruka kiti, ruka kiti. Akamkuta kijana ambaye kushoto kwake kuna mwenzake na kulia kwake kuna mwenzake, wote wa mtihani mmoja. Akamwinua ili amhamishe. Na hapo, akiwa amemshika yule kijana mkono wa sweta, akasimama.

Yeye Lea, alisimama. Wanafunzi walidhani anaumwa. Mwenzake aliyesimamia naye, Isakwisa, mwalimu wa kompyuta, alikuja akachukua zile karatasi na kuzigawa mwenyewe.

Lea alikuwa ameziona koni zake. Ili ujue kama mashine imejifunza, unaificha baadhi ya vipimo, unaifundisha kwa vilivyobaki, kisha unaiuliza vile ulivyovificha. Lea alificha, hilo lazima niseme. Lakini alivichagua vya kuficha kwa kuvichanganya vyote kama karata, kwa sababu ile programu ya kufundishia inafanya hivyo yenyewe usipoikataza. Alianza hivyo mwanzoni akiwa anajaribu tu, akijiambia kwamba baadaye atagawa vizuri. Majibu yalipokuja mazuri, hiyo baadaye hakuikumbuka tena. Kwa hiyo kila kipimo kilichofichwa kilikuwa kimeketi kwenye koni ileile, jirani wa kushoto mashine imeshaonyeshwa, jirani wa kulia imeshaonyeshwa. Na joto halirukiruki kati ya vipimo viwili vilivyogusana. Mashine haikuhitaji kuelewa chochote kuhusu hewa. Ilichungulia kwa jirani.

"Dada, mimi," aliniambia. "Mimi, ninayewarusha watoto wa watu viti."

Mtihani ulipokwisha hakula. Alikwenda kwenye kompyuta akagawa upya. Safari hii alificha koni nzima, mashine isione hata kipimo kimoja chake, akaifundisha kwa koni nyingine, kisha akaiuliza ile iliyofichwa. Ikakosea kuliko fomula ya zamani. Akaificha nyingine. Hiyo ikawa afadhali kidogo. Akaificha ile butu, na majibu yakawa vurugu tupu, joto linapanda mahali ambapo hata mtoto angejua linashuka. Yale majibu ya ajabu yaliyompa makala na nafasi yalikuwa yameyeyuka mchana mmoja.

Akamwambia Isakwisa. Isakwisa ni mtu mpole, Mnyakyusa wa Tukuyu, na anampenda Lea kwa namna ambayo Lea hajawahi kutulia akaiona. Alimwambia atulize moyo.

"Madam, makala nyingi za namna hii zina kasoro. Nenda Ujerumani. Ukifika huko, unarekebisha, unaandika makala ya pili, unasema tumeboresha njia. Hakuna atakayeuliza."

"Na kama wakiitumia hii ya kwanza kukatia ngao ya chombo?"

"Nani atatumia makala moja ya mtu wa Mbeya kukatia ngao?"

"Sasa kama hakuna atakayeitumia," Lea alimjibu, "naenda kufanya nini?"

Ijumaa akapanda basi la kuja nyumbani. Makambako basi lilisimama, abiria wakashuka kuchimba dawa na kula chipsi. Lea alisimama kando ya tairi, akamwandikia profesa kwa simu. Alieleza kosa lote, namna alivyogawa vipimo na namna alivyopaswa kugawa, na akaomba makala iondolewe kabla haijachapishwa. Akatuma. Ndipo akapanda tena, na njia nzima mpaka Iringa, Mafinga inapita, misitu ya misonobari inapita, roho yake ilikuwa juu.

Mimi sikujua lolote. Jumamosi asubuhi nilimwita dukani kwangu kumpima gauni la kitenge. Nilikuwa na pini mdomoni, yeye yupo juu ya stuli, na alikuwa anatikisika kuliko kawaida yake. Nilimpiga kofi dogo la paja kama mtoto.

"Simama, utachomwa."

"Dada, usilimalize hili gauni," akasema, na akanieleza yote akiwa juu ya stuli hiyohiyo.

Nilitema pini kwenye kiganja. Nilikasirika, na sikumficha. Nilimwambia ana kichaa. Nilimwambia mama amesubiri Jumapili hii tangu baba afariki, shangazi ameshafika kutoka Idodi na mchele na jogoo, nimeshona mpaka mgongo umekufa ganzi, na yeye anakwenda kujishtaki kwa Wazungu kando ya tairi la basi kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka kwenye stuli, akaanza kuzunguka cherehani.

"Mama anajua?" nikauliza.

"Bado."

"Basi twende ukamwambie sasa hivi, maana mimi siwezi kushona nikiwa najua."

Mama na shangazi walikuwa uani wanachagua mchele kwenye ungo. Lea alichuchumaa mbele yao, akasimama, akachuchumaa tena.

"Mama, naomba ile shukrani tuiahirishe."

"Umeugua?"

"Siumwi." Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa lugha ya nyumbani, mtihani na majirani na kuchungulia, na nilimwona mama anaelewa kila neno. Mikono yake haikuacha kutembea kwenye mchele.

"Uliiba cha mtu?" mama akauliza.

"Hapana."

"Ulidanganya?"

Lea alifikiri kidogo. "Bado," akasema. "Nilikosea tu. Ila nikisimama kesho nikakubali yale atakayosoma mzee, nitakuwa nimedanganya."

"Hao wa Ujerumani wameliona hilo kosa?"

"Hawajaliona."

"Nani kaliona?"

"Mimi."

"Umeliona mwenyewe, umejikamata mwenyewe, na shukrani yangu unaifuta mwenyewe." Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa mbali. "Umeshawaambia?"

"Nimewaambia jana. Nikiwa Makambako."

"Kabla ya kufika hapa."

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya kuniambia mimi."

Lea alisimama tena. Shangazi, ambaye hapendi kimya, akauliza kama hilo dude haliwezi kupelekwa kwa fundi. Hakuna aliyecheka. Mama alisema shukrani ikishatangazwa haiahirishwi, kesho familia itasimama, na Lea atasimama nayo. Kisha akainua ungo akaingia ndani.

Siku hiyo yote Lea alitembea. Alikwenda Gangilonga akarudi, alikwenda sokoni hakununua kitu akarudi, kila mara simu mkononi akitazama kama profesa amejibu. Nilimaliza gauni lake kwa kukisia, na ninaona aibu kusema kwamba lilimkaa vizuri kuliko yote niliyowahi kumpima.

Jumapili kanisa lilijaa. Tulijipanga mlangoni na vitenge vyetu, shangazi na jogoo wake kwapani, mama mbele kabisa, mgongo umenyooka. Hakuwa amesema neno na Lea tangu uani. Mzee Philbert, mzee wa kanisa, akashika kipaza sauti na kusoma kwamba familia ya mama Luhwago inamshukuru Mungu kwa binti yao Lea, ambaye ametengeneza mashine inayokadiria joto la vyombo vya angani bila kukosea, na ambaye hivi karibuni anakwenda Ujerumani kwa masomo ya udaktari. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Lile neno "bila kukosea" mama ndiye aliyekuwa amelitia, wiki mbili kabla, kwa furaha yake. Nilimwona Lea anafumba macho.

Akapewa kipaza sauti aseme neno.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema. Kanisa likajibu amina. "Yaliyosomwa yaliandikwa kabla sijajua. Mashine niliyotengeneza haikuelewa, ilikariri. Kosa ni langu, niliipa mtihani ambao majibu yake ilikuwa imeshayaona. Nimewaandikia waliokubali kazi yangu, nimewaambia waiondoe. Safari ya Ujerumani sijui kama ipo. Sikutaka mpige makofi kwa kitu ambacho hakipo. Naomba mnisamehe."

Akarudisha kipaza sauti kwa mzee. Nilimsikia jogoo wa shangazi anakwaruza kwa kucha kwenye kitenge. Mzee Philbert alimtazama mchungaji, mchungaji akamtazama Mzee Philbert. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

"Sasa dada Lea," mzee akasema polepole, "tunaendelea, au?"

Mama akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

"Tunaendelea," alisema. "Binti yangu juzi ametoka Mbeya. Barabara ile mnaijua, malori yake mnayajua. Amefika mzima. Familia inashukuru kwa hilo."

Akamrudishia mzee, akamtazama kiongozi wa kwaya kwa jicho la mwenyekiti wa wanawake, na kwaya ikaanza. Tukaenda mbele tukicheza. Mama alicheza vizuri, hakukosea hatua hata moja, na hakugeuka kumwangalia Lea. Lea alicheza ovyo, machozi yanamshuka. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikaishia kukanyaga gauni la shangazi.

Nje kwenye mnada watu walimpa Lea mkono, mmoja baada ya mwingine, na wote wakamwambia pole na safari. Hakuna aliyetaja mashine. Mwanamke mmoja alimuuliza kama basi lilikuwa na msongamano. Lea alinivuta pembeni.

"Dada, nimewaambia ukweli, wananipa pole ya safari. Hawakunisikia?"

"Wamekusikia," nilimwambia. "Wamemsikia na mama."

Nilifikiri nimesema jambo la kumtuliza, lakini alizidi kuwa na wasiwasi. Alitaka agombezwe, nadhani, au asifiwe, kimojawapo, apate pa kusimama. Mama hakumpa hata kimoja. Nyumbani alimpakulia chakula, akamuuliza kama anataka chumvi, basi. Jumatatu vivyo hivyo. Lea alihamisha sahani zote kutoka kabati la juu kwenda la chini, kisha akazirudisha. Kompyuta yake ilikuwa mezani imefunguliwa, anaketi kidogo, anaifundisha tena kwa koni nzima zilizofichwa moja moja, anainuka. Aliniambia kwamba akiipunguzia uhuru wa kusahihisha, akiiachia marekebisho madogo tu, inaacha kufanya vurugu kwenye koni butu. Haiwi nzuri. Inakuwa afadhali kuliko fomula, kidogo, karibu kila mahali. Nilimuuliza kama hiyo si habari njema. Akasema hiyo si habari ya kumpeleka mtu Ujerumani.

Jibu lilikuja Jumanne tukiwa mezani tunakula ugali na mlenda. Simu ilitikisika, Lea akaisoma, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alikaa bila kusogea. Mama alimwacha kidogo, halafu akasema, "Soma na sisi tusikie."

Akatufasiria. Profesa alimshukuru kwa uaminifu wake, alisema wenzake wawili walikuwa wameisoma makala na hawakuliona kosa hilo, na yeye pia hakuliona. Makala imeondolewa. Nafasi ile ilitegemea makala, kwa hiyo amepewa aliyekuwa anafuata. Kazi ikirekebishwa anaweza kuomba tena kama waombaji wengine, ila hawezi kumwahidi.

Nilianza kusema kitu, sijui nini, mama akaninyamazisha kwa mkono. Alinawa vidole, akavifuta polepole kwenye upande wa kitenge. Ndipo akamtazama Lea, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi uani.

"Mimi ningekuwa wewe," alisema, "ningenyamaza. Ningesimama Jumapili, ningepigiwa vigelegele, ningepanda ndege. Nakuambia kweli. Nimekaa siku zote hizi nikijiuliza, na jibu ni hilo. Ningenyamaza."

"Najua, mama," Lea akasema.

"Unajua?"

"Ndiyo maana nilituma nikiwa Makambako. Ningefika hapa ungeniambia ninyamaze, na mimi ningekusikiliza."

Macho ya mama yalijaa, akayaacha yajae. Aliisogeza sahani yake, akaisogeza na yangu, akaivuta ile kompyuta kutoka pembeni mpaka mbele ya Lea.

"Basi ulifanya vizuri kutoniuliza," akasema.